Karatasi za Nonno: Tulivyomtafuta Mchimba Makaa Aliyetoka Abruzzo

Mume wangu ni mtu wa Charleroi, kusini mwa Ubelgiji, lakini ukoo wa mama yake ni wa Abruzzo, mkoa wa milima ulio mashariki mwa Roma. Babu yake mzaa mama, ambaye familia nzima humwita Nonno (babu, kwa Kiitalia) hadi leo, alimwacha mke na mtoto mchanga kijijini mwaka 1948, akaja Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe. Alifariki miaka ya 1970, mapafu yakiwa yameliwa na vumbi la mgodi, kabla mume wangu hajazaliwa. Habari zake zilizobaki nyumbani zilikuwa chache mno: alikuwa mpole, aliimba kanisani, hakupenda kuzungumzia kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi. Watoto wangu upande wangu wanawajua wazee wao kwa majina, nani alitoka wapi na alifuata nini. Upande wa Nonno walikuwa na picha moja ukutani. Hilo lilinikera, nikaomba ruhusa ya kutafuta. Kazi hiyo imetuchukua muda mrefu kuliko tulivyotazamia, imetula fedha, na imetoa machozi. Naiandika kwa ajili ya yeyote anayemtafuta mtu wa aina hiyo: kibarua aliyevuka mpaka kufuata kazi, asiyeacha shamba, wosia wala barua. Mtu wa namna hiyo hakuandika habari zake mwenyewe. Walioziandika ni wale waliomchunga: karani wa jeshi, polisi wa wageni, daktari wa mgodi. Familia nyingi huanza kwa kutafuta barua za mapenzi na albamu za harusi, wakikosa hukata tamaa. Sisi tulimkuta Nonno ndani ya karatasi za watu ambao hawakumpenda wala kumchukia, waliotaka tu kujua yuko wapi na anafaa kwa kazi gani.

Kabla ya ofisi yoyote, kwanza kulikuwa na mama mkwe. Ana umri wa karibu miaka themanini. Nilipomweleza nia yangu alinijibu kwa ukali, “Mwanangu, marehemu amepumzika. Unamfukua wa nini?” Sikubishana naye. Nilikaa kimya majuma kadhaa, kisha nikamwomba jambo jingine kabisa: anifundishe sagne, zile tambi bapa zinazopikwa na maharage, kama mama yake alivyozipika. Tukiwa tunakanda unga aliniambia kuwa mama yake alikandia juu ya kitanda, kwa sababu kule kambini meza haikuwa na nafasi. Nikamuuliza kambi ilikuwaje. Akatandaza unga mezani kwa kiganja, akachora kwa kidole: huu mlango, hili jiko la makaa, hapa kitanda cha wakubwa, hapa pazia, sisi watoto nyuma ya pazia. Nje akaweka nukta moja kwa ajili ya bomba la maji la familia zote, na mstari mrefu kwa ajili ya vyoo. Kisha akachora nyumba ya pili, ya tatu, ya nne, akitaja nani alikaa wapi. Ramani yote ilikuwa kichwani mwake, na alikuwa anaitoa kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo ukianza, anza kwa mahali, usianze kwa maumivu. Mzee akiulizwa “baba yako aliteseka?” atakunja uso. Akiulizwa “mlango ulitazama wapi, na jirani wa kulia alikuwa nani?” ataongea mpaka chakula kiungue. Andika majina ya majirani wote. Sikujua wakati ule kwamba jina la jirani ndilo litakalotufungulia kijiji.

Ile kambi yenyewe ina historia yake. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilikuwa na kiu ya makaa ya mawe lakini Wabelgiji wenyewe walikuwa wamechoka kuteremka mgodini. Kwa muda walitumikishwa mateka wa Kijerumani, ila mateka hao walipaswa kurudishwa kwao. Tarehe 23 Juni 1946 Italia na Ubelgiji zikatia saini makubaliano: Italia ingepeleka wafanyakazi 50,000, hadi 2,000 kwa juma, wasiozidi umri wa miaka 35, na Ubelgiji nayo ingeiuzia Italia makaa. Italia ilikuwa na mamilioni ya watu wasio na kazi na haikuwa na makaa ya kuendeshea viwanda. Serikali mbili zikapatana, na vijijini yakabandikwa matangazo ya karatasi ya waridi yanayosifu mishahara, likizo, posho za watoto na nyumba. Namna kazi yenyewe ya chini ya ardhi ilivyokuwa, matangazo hayakuieleza. Waliofika walipewa mabanda yaliyokuwa kambi za mateka wa vita, mengi yakiwa ya mabati yaliyopindwa kama nusu pipa, tanuri wakati wa kiangazi na barafu wakati wa baridi. Mama mkwe anasema mvua ikinyesha walizungumza kwa ishara.

Nilipoyasikia haya nilikuwa nimeshayajua kwa namna nyingine. Babu yangu mzaa baba alifanya kazi Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya Wabelgiji kule kwetu Kongo, akakaa kambi ya kampuni, akapokea posho kwa kipimo, akaitwa kwa namba yake. Hali zao hazikuwa sawa, na sitaki mtu yeyote anielewe kwamba zilikuwa sawa: Nonno alikuwa mzungu mwenye mkataba na balozi wa kulalamikia, babu yangu alikuwa mtu wa koloni asiye na hata kimoja kati ya hivyo. Lakini kulelewa katika familia ya kampuni kulinisaidia sana kama mtafutaji. Nilijua kwamba kampuni haimpotezi mtu wake kwenye vitabu. Palipo na posho pana orodha, na palipo na kambi pana daktari mwenye daftari.

Tulitangulia kutafuta kijiji, na hapo ndipo tulipokwama vibaya. Mama mkwe alikuwa na jina moja la kijiji alilolisikia tangu utotoni. Tuliandika barua kwa manispaa, haikuwepo manispaa ya jina hilo. Tukatafuta kwenye Antenati, tovuti ya bure ya hifadhi za nyaraka za serikali ya Italia yenye picha za vitabu vya vizazi, ndoa na vifo, hatukuona kitu. Wakati huo huo tukampata mtu mtandaoni aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa koo za Kiitalia. Alitaka malipo kabla, tukalipa fedha ambayo kwetu si ndogo, na baada ya kusubiri sana akatuletea picha ya ngao yenye simba na maelezo kuwa ukoo wetu ni wa kikabaila. Mume wangu alikasirika. Mimi niliumia kwa sababu nyingine: Nonno alikuwa mtoto wa wakulima waliolima ardhi isiyo yao, na ngao ile ilikuwa inamfuta. Ukiona mtu anakuuzia nembo ya ukoo, hifadhi fedha yako. Nembo hupewa mtu pamoja na nyumba yake, haziendi kwa kila mwenye jina linalofanana.

Jirani ndiye aliyetuokoa. Kwenye ile ramani ya unga, banda la tatu lilikuwa la familia iliyotoka “huko kwetu”. Binti yao yuko hai, anakaa Liège, na yeye alikuwa na cheti cha ubatizo cha baba yake. Humo tukaona kwamba jina tulilokuwa tukilitafuta ni la kitongoji tu, kinachoitwa frazione kwa Kiitalia. Vitongoji havina ofisi zao za usajili. Kila kitu huandikwa kwenye manispaa mama, comune, ambayo inaweza kuwa na jina lisilofanana kabisa na lile ambalo wazee hutaja. Waitalia wanaoishi nje hutaja kitongoji kwa sababu ndicho walichokipenda. Ofisi hazikijui.

Kikwazo cha pili kilikuwa cha mipaka. Kijiji hicho leo kiko jimbo la Pescara, lakini jimbo hilo liliundwa mwaka 1927, kwa vipande vilivyotolewa majimbo ya jirani. Nonno alizaliwa 1921, wakati kijiji kikiwa chini ya Chieti. Karatasi za utoto wake tulizitafuta Pescara kwa sababu ramani ya leo ilituelekeza huko, kumbe ilitupasa kubisha hodi Chieti vilevile. Kabla ya kuandika barua yoyote ya Italia, tafuta kijiji kilikuwa chini ya jimbo gani mwaka ule mtu wako alipozaliwa.

Barua kwa comune iwe fupi, kwa Kiitalia, yenye jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, majina ya baba na mama kama unayo, nakala ya kitambulisho chako na maelezo ya uhusiano wako na marehemu. Omba vitu viwili kwa majina yake halisi. Cha kwanza ni copia integrale ya cheti cha kuzaliwa, yaani nakala nzima ya ukurasa wa kitabu. Usiridhike na muhtasari, kwa sababu pembezoni mwa ukurasa ndimo wanamoandika ndoa na mambo mengine ya baadaye. Cha pili ni stato di famiglia storico, orodha ya watu waliokuwa nyumba moja kwa kipindi fulani. Hii ya pili watu wengi hawaijui, nayo ndiyo iliyotuonyesha kwamba Nonno alikuwa na dada wawili ambao hakuna aliyewahi kuwataja. Mmoja alifariki akiwa mdogo. Wa pili alikwenda Argentina.

Kuhusu mtafsiri: mtafsiri aliyeapishwa hulipwa kwa ukurasa, na bei inapanda haraka. Anahitajika karatasi inapopelekwa serikalini au mahakamani. Kama unataka kuelewa tu, mtafute Mwitalia mwenye subira, umpelekee kahawa. Watu wengine walidhani tunatafuta pasipoti, wakatushauri tutafsiri kila kitu. Kwa anayefuata uraia, ajue kwamba Italia ilibana sheria ya uraia wa kurithi mwaka 2025, na kwa waliozaliwa nje urithi huo kwa kawaida hauvuki tena kizazi cha babu na bibi. Akaulize ubalozini kabla ya kutoa hata senti.

Karatasi iliyonigusa zaidi kutoka Italia ilikuwa ya jeshi. Kila kijana wa kiume aliyefikia umri aliitwa kupimwa, na orodha hizo, liste di leva, pamoja na vitabu vya utumishi vinavyoitwa ruoli matricolari, huishia kwenye hifadhi za nyaraka za serikali baada ya miaka 70. Ndimo tulimojua urefu wa Nonno, upana wa kifua chake, rangi ya nywele, kazi yake (mkulima), na kwamba alijua kusoma na kuandika. Mume wangu alisoma kipimo cha kifua kwa sauti mara mbili, kisha akajipima kwa futi ya fundi wa nguo. Kitabu cha utumishi kilisema pia jambo ambalo nyumbani halikuwahi kusemwa: baada ya kutangazwa tarehe 8 Septemba 1943 kwamba Italia imesalimu amri, Nonno alikamatwa na Wajerumani pamoja na kikosi chake, akapelekwa Ujerumani. Wanajeshi wa Kiitalia zaidi ya 600,000 walipitia hivyo. Alirudi 1945.

Kwa hiyo alipopewa kitanda ndani ya kambi ya zamani ya mateka, Charleroi, mwaka 1948, hiyo haikuwa kambi yake ya kwanza. Nilimweleza mama mkwe jambo hilo polepole. Alikaa akitazama dirishani, kisha akasema, “Ndiyo maana hakuruhusu mtu afunge mlango kwa ufunguo.”

Upande wa Ubelgiji, mlango mkubwa ni faili la Polisi wa Wageni. Tangu karne ya 19 serikali ya Ubelgiji ilimfungulia kila mgeni faili lake binafsi, na mafaili ya zamani yamehifadhiwa Nyaraka za Taifa, Brussels. Mengine bado yako kwa idara inayoshughulikia wageni leo, hivyo usishangae ukielekezwa pande mbili. Toa jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Toa pia namna zote jina linavyoweza kukosewa. Makarani wa Kifaransa waliandika walivyosikia: herufi mbili zikawa moja, mwisho wa jina ukakatwa. Jina la Nonno limeandikwa kwa namna tatu ndani ya faili moja. Sisi ombi tulilipeleka kwa jina la mama mkwe, yeye akiwa binti, na nadhani hilo lilirahisisha mambo kuliko kama ningeandika mimi mkwe.

Faili lilikuwa nene. Hati ya kuwasili, picha ya uso akiwa na miaka 27, mkataba wa miezi 12, vibali, kila anwani aliyohamia. Kutokana na kanuni za wakati ule, mchimbaji wa Kiitalia alipaswa kutimiza miaka mitano mgodini kabla ya kuruhusiwa kazi nyingine. Vibali vyake vinaonyesha wazi jinsi alivyofungwa na kazi moja. Ilikuwemo pia alama ya safari yenyewe: kwanza Milano, ambako wanaume walilala na kupimwa na madaktari wa Kibelgiji kwenye vyumba vya chini ya ardhi vya stesheni kuu, halafu treni kuvuka Uswisi, halafu kugawanywa stesheni kwa stesheni, kila mgodi ukichukua idadi yake.

Katikati ya faili palikuwa na ripoti ya polisi. Miezi michache baada ya kufika, Nonno alikataa kuteremka mgodini. Paa la mgodi lilikuwa limeanguka karibu yake na kumvunja mwenzake mguu, na siku iliyofuata alibaki juu, akasema harudi. Kukataa kulihesabiwa kuwa kuvunja mkataba. Alichukuliwa, akapelekwa Brussels, akazuiliwa Petit-Château pamoja na Waitalia wengine waliokataa, wakingoja kurudishwa kwao. Baada ya siku kadhaa alikubali kwenda mgodi mwingine. Akarudi Charleroi, akateremka, na hakuacha tena mpaka mapafu yalipomkatalia.

Nyumbani walisimuliwa kwamba Nonno aliwahi kwenda Brussels “kuona mji mkuu”.

Mimi Petit-Château naijua. Ni jengo la kambi ya jeshi la karne ya 19 lenye minara, kando ya mfereji, na mwaka 1986 lilifanywa kituo cha wanaoomba hifadhi. Nilipofika Ubelgiji miaka ya 2000 nililala humo. Najua mwangwi wa ngazi zake na harufu ya korido asubuhi. Sikuwa nimemweleza mama mkwe kwa undani, kwa sababu ndoa ilipofungwa nilitaka anione kama binti, si kama kesi. Siku tuliyosoma ripoti ile nilimweleza yote, na yeye akalia, akanishika mkono na kuniuliza kama walinipa blanketi la kutosha. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kwa nini namfukua baba yake.

Baadaye aliona aibu, akanitaka ripoti hiyo isionyeshwe kwa ndugu wengine. Tulijadiliana siku nyingi. Mume wangu alishikilia kuwa kukataa kwa Nonno ni jambo la kujivunia. Mama mkwe aliona polisi tu. Nilichojifunza ni kuamua kabla ya kuomba faili nani atalisoma kwanza, na kumpa mtoto wa marehemu haki ya kusubiri. Tuliweka ripoti kwenye bahasha yake peke yake. Alipokuwa tayari, yeye mwenyewe ndiye aliyewaita kaka zake na kuwasomea. Mmoja wao hajakubali mpaka leo, anasema karani alikosea mtu.

Watu wakisikia mchimba makaa wa Kiitalia na Charleroi wanakimbilia Marcinelle. Ni sawa. Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1956, kwenye mgodi wa Bois du Cazier ulioko Marcinelle, kigari kilichokaa vibaya ndani ya lifti, kina cha mita 975, kiligonga boriti, kikakata bomba la mafuta na nyaya za umeme, moto ukawaka. Kati ya watu 275 waliokuwa chini walikufa 262, wakiwemo Waitalia 136, karibu nusu yao kutoka Abruzzo. Siku hiyo Nonno alikuwa zamu kwenye mgodi mwingine. Mama mkwe alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka mama yake akimvuta mkono hadi kwenye lango, kwa sababu wanakijiji wenzao walikuwa chini, na wanawake wamekamata nondo za lango, hakuna anayewaambia kitu. Walisubiri wiki mbili kabla ya kuambiwa kwamba hakuna aliye hai. Baada ya hapo Italia iliacha kupeleka watu, na Ubelgiji ikaenda kutafuta mikono Hispania, Ugiriki, kisha Moroko na Uturuki.

Leo Bois du Cazier ni makumbusho, na tangu 2012 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nendeni, na wapelekeni watoto. Wangu walisimama muda mrefu mbele ya vibati vya chuma vyenye namba, ambavyo mchimbaji aliviacha alipochukua taa, ili ijulikane nani yuko chini. Ila msitarajie kumkuta mtu wenu huko kwa sababu tu alikuwa Mwitalia wa Charleroi. Bonde hilo lilikuwa na mashimo mengi, kila kampuni na vitabu vyake, na ni vibali vya kazi ndani ya faili la polisi vitakavyokuambia mgodi ni upi.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ya ugonjwa. Vumbi la mawe huganda kwenye mapafu, mtu akaanza kukosa pumzi kidogo kidogo. Ubelgiji iliitambua silikosisi, yaani ugonjwa huo wa vumbi, kuwa ugonjwa wa kazi mwaka 1964 tu, wakati Italia ilikuwa imeitambua tangu 1943. Nonno alikuwa ameteremka miaka mingi kabla kukohoa kwake hakujapewa jina la kisheria. Aliposajiliwa, alipewa asilimia: mapafu yake yalihesabiwa kuwa yameharibika kwa kiwango fulani, na malipo yakafuata kiwango hicho. Alipofariki, mjane aliambiwa kwamba kilichomuua ni moyo, si vumbi, kwa hiyo hakustahili fidia ya mjane. Alikata rufaa, akashindwa. Mama mkwe alikuwa na barua zile kwenye droo, hajawahi kuzisoma kwa sababu mama yake alizifunga kwa uzi na kusema zisiguswe. Tulizisoma pamoja, na nakiri nilikasirika hata nikashindwa kulala. Majalada ya magonjwa ya kazini siku hizi yako chini ya taasisi inayoitwa Fedris. Ukiwa na tarehe ya kifo na namba ya jalada iliyo kwenye barua yoyote ya zamani, una mahali pa kuanzia. Msitupe barua za bima. Watu hutupa hizo kwanza wanaposafisha nyumba ya marehemu, wakabakiza vikombe.

Sasa tumeanza kumtafuta Nonna, mke wake. Alifika 1950 na mtoto wa miaka mitatu mgongoni, na kwenye karatasi za Ubelgiji mara nyingi anaonekana kama mstari mmoja ndani ya faili la mumewe. Kwenye nyaraka wanawake wa Italia hubaki na jina lao la kuzaliwa maisha yote, kwa hiyo anayemtafuta bibi kwa jina la mumewe hatamwona, na sisi ombi tumeliandika kwa jina lake la kuzaliwa, pamoja na la kijiji chake, ambacho si kile cha Nonno. Mama mkwe alisaini fomu mwenyewe. Ameniambia mama yake aliosha nguo za wachimbaji waseja kambini kwa malipo, na kazi hiyo haikuandikwa popote, kwa hiyo ameanza kutaja majina ya wale waseja, mmoja mmoja kila anapokumbuka, nami nayaandika nyuma ya daftari la mapishi.